Kabla hujasaini kutolewa kizazi, na habari ya mguu wangu wa kushoto

Shangazi alishachemsha maji na kutoa chupa ya mafuta ya nazi. Ilikuwa siku ya 9 tangu nitolewe kizazi, nimelala nyumbani Makorora, kigimbi cha kushoto kimevimba, kinauma na kina moto. Kwetu Tanga mwanamke akirudi na mshono tumboni anahudumiwa kama mzazi: anafungwa mkaja, anakandwa, anapewa uji wa pilipili manga. Wifi yangu ndiye aliyemshika shangazi mkono. Tukapanda bajaji. Ultrasaundi ikaonyesha damu imeganda kwenye mshipa wa mguu, nikameza dawa miezi 3.

Mguu wa namna hiyo ukichuliwa, bonge la damu linaweza kung'oka likaenda kuziba mapafu. Kwa hiyo mguu mmoja ukivimba baada ya upasuaji, usikandwe, hata kama mkandaji anasifika mtaa mzima. Pumzi ikikukata ghafla au kifua kikachoma, usingoje kupambazuke. Na ukiwa bado wodini, chezesha vifundo vya miguu kitandani, na ukiruhusiwa kusimama tembea, japo umejishika tumbo. Mimi nilijilaza kwa uvivu na woga wa mshono.

Nimeanzia mwisho, sasa turudi nyuma. Nilikuwa na fibroidi, yaani uvimbe wa kizazi usio saratani, hedhi siku 10, na wingi wa damu ulishuka hadi 7. Daktari akasogeza upasuaji mbele ili damu ipande kwanza, kwa sababu kutokwa damu mezani ni moja ya hatari kubwa. Vidonge vya chuma nilimeza na juisi ya machungwa ya Muheza. Chai niliisogeza mbali na kidonge, maana inazuia chuma kuingia mwilini. Waulize pia ndugu zako mapema nani atachangia damu.

Fomu ya ridhaa niliisaini kama risiti ya mzigo wa basi. Wewe usifanye hivyo. Uvimbe usio saratani mara nyingi unakupa muda wa kuuliza. Je, dawa, kitanzi chenye homoni au kuondoa uvimbe peke yake hakutoshi? Watapita ukeni, kwenye matundu madogo, au watapasua tumbo? Ukipasuliwa tumbo unachelewa zaidi kupona. Je, ovari zinabaki? Zikitolewa kabla hujakoma hedhi, joto la ghafla na jasho la usiku vinakuja mara moja, na mifupa inadhoofika mapema. Hata zikibaki, ukomo wa hedhi unaweza kuwahi kidogo. Na mlango wa kizazi? Ukiachwa, kipimo cha saratani yake unaendelea nacho.

Kama umewahi kuzaa kwa upasuaji, litaje hilo hata kama hujaulizwa. Mimi nina makovu mawili. Kovu huweza kukigandisha kibofu kwenye kizazi, na wakati wa kukitenganisha kinaweza kuchanika. Utumbo na mirija inayoshusha mkojo kutoka kwenye figo nayo iko jirani. Jeraha la hapo mara nyingine halionekani siku ile. Linajitokeza baada ya siku kadhaa au wiki mbili: maumivu ya ubavuni, homa, au mkojo unaochuruzika ukeni wenyewe. Mkojo huo usiufiche kwa aibu ukajifunga kanga. Rudi ulikopasuliwa.

Rudi pia mshono ukitoa usaha, tumbo likijaa huku unatapika, au damu ikilowesha pedi nzima ndani ya saa moja. Matone machache ya hudhurungi wiki za mwanzo ni kawaida.

Tendo la ndoa lisubiri angalau wiki 6 na ruhusa ya daktari, kwa kuwa kuna mshono huko juu ukeni ambao unaweza kuachia. Mume wangu alielezwa na nesi mwenyewe, nikaepuka mjadala.

Ndoo ya lita 20 niliishika tena wiki ya 8. Shangazi bado ana ile chupa ya mafuta, ananipaka mgongoni tu.