Meza ya mninga inaharibiwa na usafi: namna ya kutunza fanicha za mbao huku Moshi na Arusha

Jamani, kabati la mninga au meza ya mkongo sio hela ndogo, na mbao ngumu ukiitunza inafika mpaka kwa wajukuu, lakini nyumba nyingi huku kwetu unakuta fanicha imechakaa mapema na sio kwa kutumika, ni kwa kusafishwa vibaya. Inaniuma kwa kweli. Adui mkubwa wa mbao ni maji, na mengi tunayaleta wenyewe na kitambaa cha usafi.

Vumbi letu lina chengachenga, ukilifuta na kitambaa kikavu kwa nguvu ni sawa na kupiga msasa vanishi. Chukua fulana ya pamba ya zamani, ilowanishe kidogo, ikamue mpaka isitoe hata tone, futa kufuata nyuzi za mbao alafu pitisha nyingine kavu hapo hapo. Sabuni ya unga hapana, jiki ndo kabisa usisogeze. Mafuta ya chakula yakiganda, tone la sabuni ya maji kwenye kitambaa linatosha.

Nailoni ya maua tunayotandika mezani, hii naomba muitoe leo. Ndani yake kuna kemikali za kuifanya iwe laini, na zile zinahamia taratibu kwenye vanishi nayo inalainika, ndo maana siku unaivua unakuta imenata, alafu chai ikimwagika inapenya chini inakaa humo siku nzima hakuna anayeiona. Tandika kitambaa, hata vile vya kufuma vya mama vinafaa sana, na sufuria ya moto iwekewe kibao chini.

Doa likishatokea angalia rangi yake. Jeupe maana yake unyevu umenasa kwenye vanishi tu, mbao yenyewe iko salama. Paka Vaseline, acha usiku kucha, asubuhi futa, au weka kitambaa kikavu cha pamba juu yake upitishe pasi ya moto mdogo isiyo na mvuke sekunde chache, inua uangalie, rudia taratibu. Jeusi ni habari nyingine, maji yameshafika kwenye mbao, hapo mwite fundi apige msasa.

Sasa misimu. Mbao inavuta unyevu wa hewani na kuutoa, na inavimba kwa upana sio kwa urefu, kwahiyo masika ya Machi mpaka Mei droo zinakaza na milango ya kabati inagoma kufunga. Usikimbilie kumwita fundi aje na randa! Akipunguza Aprili, ikija Januari na jua lake unabaki na uwazi wa kupitisha kidole. Sugua mshumaa kwenye kingo za droo, subiri kiangazi. Meza usiiweke dirishani jua linapopiga moja kwa moja, rangi inabadilika upande mmoja na mbao inaweza kupasuka. Na ile baridi ya Julai ya Arusha watu wanaingiza jiko la mkaa sebuleni, fanicha inakauka ghafla lakini hilo ni dogo, hewa ya mkaa inaua watu, tafadhali msifanye.

Wadudu: acha nafasi kati ya kabati na ukuta ili hewa ipite na wewe uone nyuma. Ukiona njia za udongo ukutani ni mchwa, ukiona vitundu na unga laini chini ya kiti ni wale wanaotoboa mbao, hao dawa unaiingiza kwa sindano tundu kwa tundu, umevaa glovu na umesoma maelezo ya kwenye chupa. Oili chafu waachie wa mbao za paa, kwenye fanicha itanuka, itachafua nguo na vanishi haitashika tena.

Kujua kama vanishi imechoka dondosha tone la maji sehemu isiyoonekana. Likisimama juu, bado nzima. Likizama na pakawa peusi, wakati umefika. Chagua siku kavu, madirisha wazi, moto mbali, piga msasa namba 240 kufuata nyuzi, toa vumbi lote, paka koti jembamba, likikauka msasa kidogo tena, paka la pili. Makoti mawili membamba yanashinda moja zito. Ikiwa unatumia mafuta ya kitani badala ya vanishi, vitambaa vyake usivikunje ukavirundika, vinaweza kujiwasha moto vyenyewe, vianike nje kimoja kimoja. Na vanishi ikiacha kunata usidhani imekomaa, ndani bado laini, ipe wiki kadhaa ndo urudishe vitambaa na vitu vizito.