Mambo ya kuzingatia kabla ya kupeleka bastola na risasi ulizojaza mwenyewe kwenye mechi

Wakuu, kila mwaka msimu wa mechi ukianza huku Marekani yale maswali ya inbox yanarudi, nijaze baruti kiasi gani, ninunue springi ya uzito gani, traiga (kifyatulio) niifanye laini mpaka wapi. Mimi huwa nasema hivi, bastola na risasi ni kitu kimoja, ukigusa kimoja basi kile kingine umekigusa pia na vipimo vyako vyote vya zamani havina maana tena. Mengine yote hapa chini yanatokana na hilo. Naongelea mechi za USPSA kwa sababu ndo nazozijua, hiki ni chama cha Marekani cha mashindano ya kupiga shabaha chini ya IPSC, shirika la kimataifa la mchezo huu, ile iliyoanzishwa 1976 kule Columbia, Missouri. Namba nyingi hapa ni za 9mm maana ndo wengi mnayopiga.

Kwanza kabisa kabla hata ya presi (mashine ya kujazia risasi), angalia karatasi zako. Kama uko huku kwa viza ya muda, ya masomo au ya kazi, sheria ya shirikisho kwa kawaida inakukataza kumiliki silaha na risasi, kuna vighairi vyake kama leseni ya uwindaji lakini usitegemee maneno ya mshkaji wa reinji (uwanja wa kupigia shabaha), muulize mwanasheria. Mwenye grini kadi hiyo haimhusu. Na ukishajaza risasi zako ni za kwako, ukianza kuwauzia wenzako kama biashara hapo unatakiwa uwe na leseni ya kutengeneza risasi. Na haya yote ni ya huku, mtu aliyeko Dar au Nairobi asisome hapa akadhani anaweza kufunga presi sebuleni, nyumbani kuna sheria zake.

Sasa tuje kwenye pawa fakta, yaani kipimo cha nguvu ya risasi, maana hapo ndo watu wanalizwa. Hesabu ni rahisi, uzito wa kichwa cha risasi kwa greini (kipimo kidogo cha uzito), zidisha na mwendo wake kwa futi kwa sekunde, gawa kwa 1000. Ngazi ya chini, maina, inaanzia 125, ya juu, meja, inaanzia 165. Kichwa cha greini 124 kikienda futi 1,050 unapata 130, uko salama. Cha greini 147 hakihitaji hata kukimbia, futi 851 tu umeshavuka 125, ndo maana wengi wa maina wanakipenda, bastola inasukuma taratibu na doti (ile nukta ya kulengea) inarudi mahali pake bila kuruka sana. Meja inakupa alama 4 kwenye eneo C la shabaha na 2 kwenye D, maina unapata 3 na 1, eneo A wote ni 5. Kwahiyo ukipiga A nyingi maina haikuumizi kihivyo, na kuna divisheni (makundi ya bastola kwenye mechi) kama Production na Carry Optics ambazo kila mtu anahesabiwa maina hata aje na mzinga, huko kujaza kwa nguvu ni kujitesa tu.

Kwenye mechi kubwa wanachukua risasi zako 8. Moja wanaing'oa kichwa wanakipima kwenye mizani, tatu wanazipiga kwenye kronografu (kifaa cha kupima mwendo wa risasi), zikishindwa wanapiga tatu nyingine na kuchukua tatu zilizokimbia zaidi kati ya sita, alafu ile ya mwisho unachagua wewe, ipigwe au ipimwe uzito. Ukitangaza meja ukashindwa unahesabiwa maina. Ukishindwa maina unapiga mechi nzima bila alama, yaani umelipa hoteli, umelipa kiingilio, umeomba ruhusa kazini, na jina lako liko na sifuri.

Ona kitu kimoja ambacho watu hawakihesabu. Boksi la vichwa limeandikwa greini 124 lakini vile vya madini laini ya risasi vilivyopakwa rangi vinapishana uzito, unaweza kung'olewa kimoja chenye 122.8. Kama mwendo wako ni futi 1,010, kwa 124 unapata 125.2 na unatabasamu, kwa 122.8 unapata 124.0 na umekwisha. Kwahiyo pima vichwa 20 hivi kutoka kwenye kila loti, fanya hesabu kwa kile chepesi kabisa, na usikae kwenye 126 eti risasi ni laini. Mimi kwa maina sishuki chini ya 129, na kwa meja nataka 169 kwenda juu kidogo. Mtu mwenye mzigo (yaani risasi alizojaza kwa vipimo vyake) unaopishana mwendo kidogo sana anaweza kusogea karibu na mstari, lakini huyo anajua anachofanya na hasomi makala kama hii.

Alafu pima kwa bastola ile ile utakayoipiga mechi, na mtutu ule ule. Mitutu miwili ya kampuni moja na urefu mmoja inaweza kutofautiana mwendo kwa kiasi cha kukutoa kwenye mstari. Pima siku ya joto na siku ya baridi pia, kuna baruti zinazopenda kubadilika na hali ya hewa, ulipima Julai Texas unaenda kupiga Oktoba asubuhi na baridi, namba yako haitakuwa ile. Kronografu yenyewe zinatofautiana, ya kwako sio ya kwao, hiyo nayo ni sababu ya kuacha nafasi.

Kwenye meza ya kujazia sitakupa greini za baruti na usimsikilize anayekupa mtandaoni. Chukua kitabu cha kampuni iliyotengeneza hiyo baruti, anzia kiwango cha chini walichoandika, panda kidogo kidogo huku unaangalia maganda na fataki zako (kile kidude cha nyuma ya ganda kinachowasha baruti). Baruti moja tu mezani, nyingine zote kabatini. Kwenye 9mm baruti nyingi za mechi zinajaza nafasi ndogo sana ya ganda, kwahiyo kujaza mara mbili kunawezekana bila kumwagika, weka taa inayomulika ndani ya ganda na tazama kila moja kabla kichwa hakijakaa, kila moja, sio kila ya kumi. Simu iwe chumba kingine. Miwani vaa, na ukimaliza nawa mikono kabla hujagusa ugali maana risasi na fataki zina madini ya risasi yanayoingia mwilini taratibu, wenye watoto wadogo nguo za reinji zisichanganywe na zao.

Urefu wa risasi nzima ndo unaoamua kama bastola itakula au itakwama. Kipimo cha juu cha SAAMI, taasisi ya Marekani inayoweka viwango vya silaha na risasi, kwa 9mm ni inchi 1.169, kama milimita 29.7, lakini hiyo haimaanishi mtutu wako unakubali. Bastola za CZ zinajulikana kwa koo fupi, yaani nafasi ndogo mbele ya chemba pale risasi inapokaa, risasi inayoingia vizuri kwenye Glock ya jirani inagota kwenye CZ yako. Toa mtutu nje, dondosha risasi ndani ya chemba, lazima iingie kwa uzito wake yenyewe na mlio, izunguke kwa kidole bila kushika, na ukigeuza mtutu idondoke. Ikishika, fupisha kidogo. Lakini ukifupisha shinikizo linapanda, kwahiyo unarudi chini kwenye baruti na unapima mwendo upya, ile habari ya kitu kimoja niliyosema juu. Mdomo wa ganda unarudishwa tu kutoka kwenye ule mpanuko wa kuingizia kichwa, milimita 9.6 hivi, ukibana zaidi unaharibu kichwa na usahihi unapotea. Alafu sukuma kichwa kwa dole gumba dhidi ya meza, pima tena, kama kimeingia ndani ganda halishiki na hiyo risasi ni hatari.

Maganda ya mchanganyiko ya kuokota reinji ni sawa kwa mazoezi. Kwa mechi tenga ya aina moja, yasiwe na ile pete ya fataki ya kijeshi iliyobanwa, na risasi zote za mechi zipite kwenye geji ya chemba (kipimo chenye tundu kama la chemba) moja moja huku umepapasa fataki kwa kidole. Fataki iliyosimama juu kidogo ndo sababu kubwa ya bastola kugonga mara ya kwanza bila kulia, watu wanalaumu springi.

Na springi yenyewe, haya. Mzigo mwepesi unataka springi nyepesi ya slaidi (ile sehemu ya juu inayorudi nyuma ukipiga), mzigo mzito unataka nzito kidogo, unachotafuta ni doti inyanyuke na irudi pale pale bila kuchovya chini. Ukiweka springi laini ya nyundo ili traiga iwe tamu, basi umejifunga kwenye fataki laini, Federal ndo zinasifika kwa hilo, CCI ni ngumu zaidi na zinaweza zisilie. Kama fataki ulizo nazo ni ngumu, rudisha springi nzito uvumilie traiga. Traiga ya gramu chache kwenye bastola isiyolia ni pambo. Na usitoe sefti (kizuizi cha usalama) yoyote ndani ya bastola, kila ukigusa traiga hakikisha sefti inashika na nyundo haidondoki slaidi ikirudi kwa nguvu, huku bastola tupu. Risasi ikitoka yenyewe kwenye mechi unaweza kurudishwa nyumbani siku hiyo hiyo, hiyo ikiwa bahati.

Magazini ziandike namba kwa maka. Ikikwama unajua ni namba 3, unaitoa kwenye mkanda, sio unakisia. Pima urefu wake pia, divisheni za Limited na Carry Optics mwisho ni milimita 141.25, Open 171.25, na zile besi pedi (vitako vya magazini) za kununua zinaweza kuzidisha. Doti weka betri mpya, skrubu zikaze kwa kipimo na gundi ya kuzuia zisilegee, alafu lenga upya kwa risasi za mechi, sio za mazoezi.

Piga angalau 200 za mzigo wa mwisho bila kukwama hata mara moja kabla hujajaza za mechi, na baada ya hapo usibadilishe kitu. Hapa watu wanashindwa kabisa kujizuia, wiki ya mechi wanaona video wanaagiza traiga mpya.

Ukisikia mlio hafifu, simama. Refa akikusimamisha kwa kuhofia kichwa kimebaki ndani ya mtutu, kama kweli kimebaki hupigi tena hiyo steji (zoezi moja la mechi), alama zako ni zilezile ulizopata mpaka hapo, kama hakipo unarudia. Kwahiyo usigombane naye, mtutu uliopasuka haulipwi na mtu.

Kwa wanaopanda ndege, bastola tupu kwenye kasha gumu lenye kufuli, unaitangaza kaunta, na risasi ziwe kwenye maboksi yake, sio zimemwagwa kwenye mfuko. Mashirika mengi yanakata kilo 5 za risasi kwa mtu, kwa 9mm za greini 124 hiyo ni kama 400, kwahiyo soma idadi ya raundi za mechi mapema, ongeza za kronografu na za kurudia steji, kama hazitoshi tuma mapema kwa njia ya kisheria au gawana mzigo na mwenzio ambaye bastola yake inakula urefu huo huo. Baruti na fataki hazipandi ndege kabisa, hata kwenye begi la chini, na ukinyang'anywa pale uwanjani hakuna wa kumlalamikia. Beba springi moja ya ziada, betri, kijiti cha kusukumia kichwa kilichokwama, na ile karatasi yenye namba za mzigo wako, loti ya vichwa na mwendo uliopima.