Kuhifadhi Jaketi la Baridi katika Hewa ya Mombasa

Mkazi wa Mombasa anayenunua jaketi zito, mara nyingi kutoka kwenye mitumba ya Kongowea, kwa ajili ya safari ya Limuru au Mlima Kenya, hulivaa siku chache tu kwa mwaka. Miezi iliyobaki jaketi hukaa kabatini, na huko ndiko linakoharibika, kwa sababu ya unyevu wa hewa yetu.

Lifue kabla ya kuliweka, hata likionekana safi, kwa kuwa jasho na mafuta ya mwili yaliyoganda kwenye kola ndiyo chakula cha ukungu. Tumia sabuni laini ya maji bila dawa ya kulainishia nguo, maana dawa hiyo huacha mabaki yanayofanya kitambaa kinyonye maji ya mvua badala ya kuyamwaga. Lianike kivulini penye upepo. Jua kali huichosha nailoni. Jaketi la manyoya ya bata lataka subira zaidi, kwani kitambaa cha juu huweza kukauka mapema ilhali manyoya ya ndani yangali mabichi. Lipigepige kwa kiganja mara kwa mara, na maadamu vidole vinagusa bonge, bado halijakauka. Mimi huongeza siku mbili juu ya hapo, na sijawahi kuzijutia.

Zipu ya chuma ipanguse chumvi kwa kitambaa chenye maji baridi, ikaushe, kisha uipake nta ya mshumaa.

Usilifungie jaketi ndani ya juala, wala usilikandamize katika kifuko chake kidogo. Manyoya yaliyobanwa miezi mingi hushindwa kuvimba tena, na kuvimba huko ndiko kunakoshika joto. Litundike kwenye henga pana, mbali na ukuta unaopigwa na mvua, au ulitie ndani ya foronya kubwa ya pamba. Koti la mvua lenye utando wa poliyurethani (aina ya plastiki inayozuia maji) ndani ndilo linaloumizwa zaidi, kwa kuwa unyevu na joto huumumunyua utando huo. Langu nililitoa sandukuni likinatanata kama ulimbo, na hali hiyo haina dawa.

Karafuu ukiziweka kabatini hunukiza tu, haziondoi unyevu. Kaskazi ikivuma, toa kila kitu nje kipigwe na upepo.

Siku ya safari unaweza kulikunja jaketi dogo upendavyo, mradi ukifika ulikung'ute na kuliacha livimbe kabla ya kulivaa.