Kuboresha Vifaa vya Kamera: Kinachoanza na Kinachosubiri

Kabla ya kununua kifaa chochote, mpiga picha wa ridhaa anafaa kuzirudia picha zake za mwaka uliopita, hasa zile zilizoharibika, na kutafuta kilichoziharibu. Kila faili hubeba taarifa za urefu wa fokasi (milimita zinazoonyesha lenzi inavuta vitu karibu kiasi gani), tundu la lenzi linalopitisha mwanga, kasi ya shata (muda ambao mwanga huruhusiwa kuingia) na ISO (kiwango cha usikivu wa kamera kwa mwanga), na programu nyingi za kuhariri huweza kuzichuja picha kwa taarifa hizo. Ikiwa nyingi zimepigwa zumu ikiwa imevutwa hadi mwisho, lenzi ndefu zaidi ndiyo inayokosekana. Ikiwa zimejaa chembechembe kwa sababu ISO ilipanda hadi 6400 ndani ya nyumba, tatizo ni mwanga. Kama kasoro kubwa ni kukata vichwa vya watu au kupiga saa sita mchana juani, fedha zibaki mfukoni kwanza.

Uhaba wa mwanga ndio unaowasukuma wengi kubadilisha kamera, ilhali lenzi ndiyo ingewafaa zaidi. Lenzi ya kawaida inayouzwa pamoja na kamera, yaani ile ya milimita 18 hadi 55, inapovutwa hadi mwisho haifunguki kupita f/5.6 (namba ya f ikiwa ndogo, tundu ni pana). Lenzi ya milimita 50 yenye tundu la f/1.8, ambayo kwa kampuni nyingi ni miongoni mwa lenzi za bei nafuu, huingiza mwanga unaokaribia mara kumi ya huo, kwa hiyo picha iliyodai ISO 6400 huweza kupigwa kwa ISO 640 hivi bila kupunguza kasi ya shata. Kuhama kutoka kihisi (sehemu ya kamera inayopokea mwanga) cha APS-C, kilicho kidogo, hadi kile cha fremu kamili, chenye milimita 36 kwa 24, huongeza eneo la kupokea mwanga kwa zaidi kidogo ya mara mbili tu, na gharama yake ni kubwa mno ukilinganisha na faida hiyo. Hata hivyo, tundu pana hupunguza kina cha sehemu iliyo kwenye fokasi, hivyo jicho moja la mtu linaweza kuwa kali na la pili likafifia. Isitoshe, kwenye kihisi cha APS-C milimita 50 huonyesha eneo dogo linalolingana na la milimita 75 za fremu kamili. Anayepiga picha katika vyumba vidogo atafaidika zaidi na lenzi ya milimita 35 au fupi kuliko hiyo.

Kwa vitu vilivyotulia, kama majengo na mandhari ya jioni, stendi imara ya miguu mitatu hutatua mengi kuliko lenzi yoyote. Kwa watoto wanaokimbia haisaidii, wala kidhibiti mtikisiko hakisaidii, kwa kuwa vyote viwili hutuliza kamera na si anayepigwa picha.

Wakati wa kubadilisha kamera yenyewe hufika pale mfumo wake wa fokasi unaposhindwa kumfuata ndege arukaye, au inapokwama katikati ya mfululizo wa picha. Wingi wa megapikseli ni sababu dhaifu: kuchapa karatasi ya A3 kwa nukta 300 kwa inchi huhitaji megapikseli zisizofika 18, na kamera nyingi za leo zina 24 au zaidi.

Jambo la kutafakari kwa muda mrefu zaidi ni kiungio cha lenzi, yaani sehemu inayoishikanisha lenzi na kamera, maana lenzi hudumu kuliko kamera. Canon na Nikon zilianzisha viungio vipya vya kamera zisizo na kioo cha ndani (mirrorless), RF cha Canon na Z cha Nikon, mwaka 2018, na lenzi za zamani huvaliwa kwa adapta. Lenzi za Canon za EF, kiungio chake cha zamani, hufanya kazi vizuri kwa njia hiyo, lakini adapta za FTZ za Nikon haziendeshi fokasi ya otomatiki ya lenzi zake za zamani za AF-D, ambazo hazina mota ya ndani. Vilevile, lenzi ya APS-C ikifungwa kwenye kamera ya fremu kamili ya megapikseli 24, sehemu inayotumika hubakiza takribani 10. Kwa hiyo, orodhesha lenzi utakazohitaji, jumlisha bei zake pamoja na betri ya ziada, ndipo uchague kamera.

Ukinunua kilichotumika, mulika tochi kupitia lenzi utafute nyuzi za kuvu, kisha piga ukuta mweupe kwa f/16 ili madoa ya kihisi yajitokeze, na ukuta wa matofali kwa tundu lililo wazi kabisa ili ulinganishe ukali wa pembe zote nne. Pembe moja ikiwa hafifu kuliko nyingine huku kamera ikiwa sambamba na ukuta, huenda lenzi hiyo imewahi kuanguka au vioo vyake vimehama, na ni afadhali kuirudisha hata kama bei inavutia.