Gawanya kwa 800, ongeza nusu saa

Nilipokuwa nikipanga saa ya kumpokea mgeni uwanja wa ndege, nilijifunza hesabu hii nyepesi ya kukadiria muda wa safari ya ndege: chukua umbali wa angani kati ya miji miwili kwa kilomita, ugawanye kwa 800, kisha uongeze nusu saa. Dar es Salaam hadi Dubai ni takribani kilomita 3,980, yaani karibu saa 5, na ukijumlisha nusu saa unapata saa 5 na dakika 30. Ndege ya jeti ikiwa juu hukaribia kilomita 900 kwa saa, lakini hupoteza muda ikitambaa ardhini, ikipaa na ikishuka. Usitumie kilomita za barabara, na kumbuka kwamba tiketi huandika saa za kila mji. Dubai iko mbele kwa saa 1, hivyo wakati wa kwenda safari itaonekana ndefu kuliko ilivyo. Hesabu hii haifai kwa ndege ndogo za panga boi, kama zile za Zanzibar, wala kwa safari ya kuunganisha. Kati ya New York na London, upepo huweza kuibadilisha kwa karibu saa nzima.