Gari ya zamani inakuzimikia njiani? Ipime ikiwa bado imekufa

Asalam aleikum jamani. Kesi hii mie naletewa kila mara: Corolla au Carina ya miaka ya 90 inakwenda vizuri tu, mara katikati ya njia inazima, unakaa pembeni robo saa, unapiga starta inawaka kama haikuwa na kitu, unaipeleka kwa fundi anaisikiliza inanguruma vizuri, anakwambia badili plagi. Kesho inazima tena. Ugonjwa huu mara nyingi ni wa joto, ikipoa unajificha, kwa hiyo vipimo vyote nnavyosema hapa vinafanywa pale pale ilipozimia, bonneti bado ya moto.

Kwanza roho yako. Ikizima unateremka, na sie Pemba milima ndo njia zetu, usukani unakuwa mzito na breki inabaki na msaada wa mikanyago miwili mitatu tu. Kanyaga kwa nguvu mara moja usiachie. Usichomoe ufunguo gari ikiwa inakwenda, usukani utafunga. Washa hazadi, kisha pembeni.

1. Imekufaje?
Ikizima na taa za dashibodi na redio vyote vikafa pamoja, huo ni umeme mkubwa: vichwa vya betri, waya wa ethi (unaotoka betri kwenda bodi ya gari) au swichi ya ufunguo. Ikiwa ilikohoa kwanza, ikavuta vuta, hasa mlimani, nenda kwenye mafuta. Na ikikatika ghafla bila kukohoa, mshale wa RPM ukaanguka sifuri huku gari bado imo kwenye gia inasukumwa na mwendo, basi moto wa plagi umekatika.

2. Umeme
Tikisa vichwa vya betri kwa mkono. Hewa yetu ya chumvi inakula waya wa ethi kwa ndani, juu unauona mzima. Testa isome kama volti 12.6 mashine ikiwa imezimwa, na 13.8 mpaka 14.4 ikiwa inawaka.

3. Moto
Chomoa waya mmoja wa plagi, uchomeke kwenye plagi ya akiba, plagi iguse chuma cha mashine, uishike kwa koleo lenye mpira, mbali na petroli, mwenzio apige starta. Unataka cheche ya bluu yenye sauti. Hakuna kitu? Shuku distributa (inayogawa moto kwa plagi), kwani Toyota nyingi za wakati ule koili inayotengeneza moto imo humo humo ndani, na koili ikichoka inakata ikipata joto.

4. Mafuta
Hapa ndo watu wanapotupa pesa. Toyota za zamani za EFI (zisizo na kabureta) zina kisanduku kidogo cheusi chini ya bonneti kimeandikwa DIAGNOSIS. Fungua kifuniko, ndani yake pameandikwa majina ya matundu. Unga FP na +B kwa kiwaya kifupi, fungua swichi bila kupiga starta, sogeza sikio kwenye tenki. Pampu ikilia hapo lakini ukipiga starta kwa kawaida hailii, pampu nzima, ubovu uko kwenye rilei (swichi ya umeme inayowasha pampu) au waya zake. Isipolia kabisa pima kama umeme unafika kwenye pampu, unafika basi pampu ndo imekufa. Na nyie mnaotembea na mafuta ya elfu tano siku zote, pampu inapozwa na petroli iliyomo tenkini, msishangae.

Kisanduku hicho hicho ukiunga TE1 na E1, taa ya check engine inahesabu kwa kuwaka na kuzima: moja kisha nne ni 14, ishara ya moto, moja kisha mbili ni 12, mashine haipati ishara ya mzunguko. Usije ukaunga +B na E1, hiyo shoti.

Maswali

*Yangu inazima nikiachia mafuta tu, nikifika kwenye matuta. Njiani haina tabu.*
Hiyo kesi nyengine sheikh. Safisha throto (mlango wa hewa wa mashine) na valvu ya hewa, zinajaa masizi meusi, halafu kagua mipira ya hewa kama imepasuka.

*Nikifungua mfuniko wa tenki inavuta hewa fyuuu, halafu inawaka. Ndo nini?*
Tundu la kupumulia limeziba. Tembea na mfuniko umelegezwa kidogo siku moja, tenki lisijae, uone kama itazima tena. Ukihakikisha tafuta mfuniko mwengine, usizoee kulegeza.

*Fundi ananambia kompyuta ya gari imekufa, laki kadhaa. Nitoe?*
Muulize kapima nini. Kompyuta inakufa, lakini iwe ya mwisho kabisa, baada ya fyuzi, rilei na ethi.

*Mie mwanamke peke yangu njiani, hayo ya waya siyawezi. Nifanye nini?*
Dada, ukishasimama pahala salama fungua swichi urikodi dashibodi kwa simu, kisha piga starta ukiwa bado unarikodi. Taa ya check engine isipowaka kabisa swichi ikiwa imefunguliwa, huenda kompyuta haipati umeme. Mpe fundi video hiyo kabla hajashika spana.

*Escudo nayo niunge FP na +B?*
Hapana, hiyo Suzuki, plagi yake ya kupimia haifanani. Kwako anza na filta ya mafuta na uisikilize pampu kwenye tenki ukifungua swichi, inatakiwa ilie sekunde mbili tatu kisha inyamaze.