Namna ya Kujifunza Kuongoza Ibada za Dini ya Kale ya Skandinavia

Anayetaka kuongoza ibada za dini hii, iliyofufuliwa nchini Iceland na jumuiya ya Ásatrúarfélagið mwaka 1972 chini ya Sveinbjörn Beinteinsson, aanze na usomaji kabla ya kutamani cheo cha goði, yaani kiongozi wa ibada. Mashairi ya Edda, yaani mashairi ya kale yanayosimulia habari za miungu na mashujaa wa Skandinavia, yaliyoandikwa Iceland katika karne ya 13, asiyapitie mbiombio. Ayasome kwa sauti, ubeti mmoja kila siku, kama tulivyofundishwa chuoni hapa Unguja kurudia aya mpaka ulimi uzoee.

Sehemu ngumu zaidi, kwa maoni yangu, ni kuendesha blót, karamu ya kuwaenzi miungu, ambapo watu husimama duara, pembe ya kinywaji ikipita mkono kwa mkono, na kila mmoja akinena maneno yake kabla ya kunywa. Ncha ya pembe ikielekezwa juu, hewa huingia kwa ghafla na kinywaji kikamrukia mnywaji usoni. Basi afanye mazoezi nyumbani kwa maji. Kwa desturi hunywewa pombe ya asali, lakini katika visiwa vyetu juisi ya ukwaju inatosha, wala majirani hawatakwazika.

Kisha atafute mlezi mwenye uzoefu. Huko Iceland goði hufungisha pia ndoa zinazotambuliwa na serikali, kwa hiyo ajifunze kusikiliza watu na kutunza siri zao. Mlezi anayekasirikia maswali aachwe mapema.